Nyinyoro, Lilia na Hatia ya Asiyejua

Mtu akipanda mhogo nyuma ya nyumba yake, hapana amwulizaye sababu. Akipanda ua, huulizwa. Swali hilo niliulizwa mara nyingi katika miaka niliyokaa Iringa, wala sikupata kuliona gumu. Nilizoea kujibu kuwa tumbo lina haki yake na jicho lina haki yake, na kwamba amnyimaye mmoja haki yake hamzidishii mwenzake kitu. Jibu hilo lilinipendeza, na yamkini ni la kweli. Lakini lilikuwa jibu la swali jepesi. Swali zito juu ya ua si faida yake. Ni hili: mtu akileta nyumbani kwake kitu kizuri, kwa nia njema, na kitu hicho kikamdhuru asiye na kosa, je, anayo hatia ikiwa hakujua kuwa kinadhuru? Sikulipata swali hili vitabuni, ingawa baadaye nililikuta huko likinisubiri. Nililipata bustanini, kwa hiyo yanipasa nianze na bustani.

Nyumba niliyopanga ilikuwa katika mteremko, mahali ambapo udongo ni mwekundu na mvua ikinyesha maji hayatuami. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai humfundisha mtu wa Tanga kama mimi kwamba blanketi si pambo. Nilipofika niliihesabu baridi ile kuwa adhabu. Baadaye nikafahamu kuwa yako maua yasiyochanua vema pasipo baridi, nikaanza kuitazama kama mali. Mwezi wa Julai, mwaka 2018, nilikuwa Arusha kwa shughuli za mitihani, na katika kitalu kimoja cha miche kando ya barabara niliona matunguu yaliyolazwa katika unga wa mbao wenye unyevu, meupe, vigamba vyake vimekumbatiana kama punje za kitunguu saumu. Nilinunua 12.

Yalikuwa matunguu ya ua ambalo wataalamu huliita Lilium longiflorum. Asili yake ni visiwa vya Ryukyu vya Japani, na kisiwa cha Taiwan. Wamarekani hulipenda kwa kupambia makanisa siku ya Pasaka, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walinunua matunguu mengi mno kutoka Japani. Vita vilipoikatiza biashara ile wakajipandia wenyewe. Mwenye kitalu hakunieleza hayo. Alinieleza jambo moja tu, nalo lilikuwa la maana kuliko historia: nisiyaache yakauke.

Tunguu la ua hili halina ganda. Kitunguu cha jikoni kimevaa kanzu juu ya kanzu, ndiyo sababu chaweza kukaa kapuni miezi. Tunguu hili li uchi, na vigamba vyake husinyaa upesi likiachwa wazi. Kwa hiyo halingoji nafasi ya mwenyewe. Niliyatia katika mfuko pamoja na unga wa mbao uliolowa kidogo, nikayaweka katika sehemu ya mboga ya friji kwa majuma sita, kwa kuwa tunguu lisipoonja baridi ya namna hiyo hukawia kuchanua, au huchanua bila mpango. Wageni waliofungua friji wakitafuta maji walinicheka. Mwezi wa Septemba nilichimba mashimo, kila shimo kina chake mara tatu ya kimo cha tunguu, maana shina likiisha kutoka juu ya tunguu hutoa mizizi mingine kabla halijafika nje ya ardhi, na mizizi hiyo ya juu husaidia sana kulilisha ua. Apandaye karibu na uso wa ardhi hulinyima ua mlo wake. Chini ya kila tunguu nilitia mchanga wa mto ili maji yasisimame, kwa sababu miguu ya mmea huu ikikaa majini huoza kabla mtu hajajua kuwa unaumwa. Samadi mbichi sikuitia. Niliweka mboji iliyokaa mwaka mzima, na juu yake nikatandaza majani makavu ya mgomba, kwa kuwa ua hili hupenda kichwa chake kiwe juani na miguu yake kivulini. Asubuhi nilikagua konokono. Jioni nilimwagia maji chini ya shina, si juu ya majani, nisije nikaukaribisha ukungu.

Haya nimeyaeleza kwa urefu, si kwa kujisifu, bali ili msomaji aone kwamba sikuwa mzembe. Nilijua kwamba ua likinyauka hukatwa lisipoteze nguvu katika kuzaa mbegu, lakini majani huachwa mpaka yageuke manjano yenyewe, maana ndiyo yanayoliwekea tunguu akiba ya mwaka ujao. Nilijua kwamba kigamba kimoja kikivunjika na kusahauliwa udongoni chaweza kutoa tunguu changa. Kila kitu kilichohusu uhai wa ua nilikiuliza. Kilichohusu uhai wa wengine mbele ya ua hilo sikukiuliza, kwa sababu nilidhani nakijua. Na kilichonifanya nidhani nakijua kilikuwa ni neno.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na maneno ndiyo shamba langu la kwanza. Nilipoyapanda matunguu yale nilichomeka kibao kidogo, nikakiandika kwa mkono wangu: NYINYORO. Hapana aliyenilazimisha. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu huyakimbilia wakikutana na ua la aina hii. La kwanza ni yungiyungi, nalo kwa asili ni ua la majini, lielealo katika madimbwi na maziwa. La pili ni nyinyoro, ua la nchi kavu, lenye tunguu kubwa, majani kama mikanda, na maua meupe yenye mistari ya waridi, ambalo huchomoza baada ya mvua ya kwanza kana kwamba lilikuwa chini likisikiliza. Lilium halikuwa na jina kwetu kwa kuwa halikuwa kwetu: aina zake, zipatazo 100, asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia, wala hapana hata moja iliyo mzaliwa wa Afrika ya Mashariki. Wafasiri wa Biblia walipofika katika Wimbo Ulio Bora walihitaji neno, wakaliazima nyinyoro. Siwalaumu; mfasiri hawezi kuacha shimo katikati ya mstari. Lakini wahenga walikwisha sema juu ya nguo ya kuazima na kiasi cha kusitiri kwake. Kwa elimu ya mimea ya siku hizi, nyinyoro ni ndugu wa karibu wa kitunguu kuliko wa Lilium, na yungiyungi si jamaa wa yeyote kati ya hao.

Nyumbani kwetu Tanga nyinyoro ilikuwa kando ya mahali pa kuoshea vyombo. Mama yangu hakupata kuichimbia shimo la kipimo wala kuitilia mchanga. Alimwaga maji ya vyombo, nayo ikaishi. Paka wa mtaani walilala juu ya majani yake mchana kutwa, nami niliwaona utotoni mwangu wote. Hivyo neno nyinyoro, kwangu mimi, lilikuwa limebeba pamoja na maana yake ya kamusi paka waliolala salama. Nilipolibandika juu ya ua geni, usalama ule nao niliubandika. Katika insha hii, nisije nikarudia kosa, nitaliita ua hilo lilia, kwa kulitohoa jina lake la Kilatini. Si jina zuri, lakini halidai kuwa limezaliwa hapa.

Wanafunzi wangu hupenda kuchezea neno ua: kuna ua la mmea, kuna ua wa nyumba, na kuna kitenzi kisichohitaji maelezo. Mchezo huo mimi ndiye niliyewafundisha, mwaka baada ya mwaka, wala sikufikiri kwamba siku moja maana zote tatu zingekutana nyumbani kwangu.

Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima, mjane, aliyepita miaka 70, ambaye watoto wake wote walikuwa wakifanya kazi mbali. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma. Mama yule aliishi na paka mmoja wa kijivu, na kijana wa miaka kama 18 aliyemchotea maji, kumfagilia, na kumsindikiza zahanati. Paka hakutambua mpaka wa michongoma, nami sikumdai autambue. Asubuhi nyingi alinisindikiza nikikagua konokono.

Lilia zilichanua juma la kwanza la Januari 2019. Nilikuwa nimesoma habari zao miezi sita, hata hivyo zilinishinda. Ua ni refu kama tarumbeta, jeupe kabisa, na usiku harufu yake hupita dirishani kama mtu mwenye ruhusa. Ndani yake mna vijiti sita vyenye unga wa rangi ya manjano inayokaribia kutu, ambao ukigusa nguo hauondoki upesi. Asubuhi moja nilimkuta paka amelala katikati ya mashina, mgongo wake umepakazwa unga ule. Aliamka, akaketi, akaanza kujiramba kama ilivyo desturi ya paka. Nilicheka. Nilimwambia amepaka hina bila kualikwa harusini.

Jioni yake paka alitapika mara nyingi. Siku ya pili alionekana amepata nafuu, mama akafurahi. Siku ya tatu alikataa maji na chakula, akajificha chini ya kitanda. Siku ya tano akafa. Mama alikuja kunieleza habari hiyo akiwa amejitanda khanga, kama mtu aletaye habari ya msiba, nami nikampa pole. Kisha akasema kuwa juma lililopita kijana alitega sumu ya panya katika stoo. Kijana alikuwa ameapa kwamba stoo ilifungwa na kwamba paka hakuingia. Mama aliniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa chuo kikuu: "Mwalimu, haiwezi kuwa ndiyo ile sumu?" Nikajibu: "Huenda, mama." Siku mbili baadaye kijana hakuonekana tena. Alikuwa amefukuzwa.

Mwisho wa mwezi ule alinitembelea rafiki yangu ambaye ni daktari wa mifugo. Juu ya meza nilikuwa nimeweka lilia mbili za mwisho ndani ya bilauri. Kabla hajaketi aliuliza kama nafuga paka. Nikasema sifugi. Akauliza kama jirani anafuga. Nikasema alikuwa naye. Alinitazama, akaelewa, akanieleza yale ambayo tangu siku ile nimeyasoma tena na tena nikitumaini kukuta amekosea.

Hakukosea. Lilium, na vilevile ua jingine liitwalo Hemerocallis, huharibu figo za paka. Si ua peke yake: jani, shina, ule unga wa kutu, hata maji ya bilauri yaliyolala na ua. Kiasi kidogo aliokiramba manyoyani chatosha. Paka hutapika kwa saa kadhaa, kisha huonekana amepona, na katika kipindi hicho cha kupona kwa uongo figo zake huwa zinakufa. Akifikishwa kwa daktari mapema, na kutiliwa maji katika mishipa kabla ya saa 18 kupita, aghalabu huokoka. Akicheleweshwa mpaka mkojo umekatika, matumaini huwa madogo sana. Mbwa hapatwi na maradhi hayo ya figo. Na binadamu ndiye wa kushangaza zaidi: huko China na Japani matunguu ya aina fulani za Lilium huliwa kama sisi tulavyo viazi. Madaktari wa wanyama walianza kuliandika jambo hili kwa uwazi katika miaka ya mwanzo ya 1990, na hata sasa haijatambuliwa ni kitu gani hasa ndani ya mmea kinachotenda kazi hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta vitabu, na nakiri kwamba sikuvitafuta kwa ajili ya ukweli. Nilivitafuta kama mshitakiwa atafutavyo wakili.

Mawakili niliwapata. Socrates alifundisha kuwa hapana atendaye ubaya kwa kuupenda ubaya. Atendaye hukosa ujuzi. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maadili yake kwa Nicomachus, anasema kuwa tendo lililofanywa kwa kutojua si tendo la hiari, na anaongeza sharti ambalo nililiona limeandikwa kwa ajili yangu: anayestahili kuitwa kuwa alitenda kinyume cha nia yake ni yule ambaye akijua huumia. Mimi niliumia. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu nao wametenganisha dhambi na dhamana: aliyeharibu mali ya mwenziwe kwa kukosea hana dhambi, ila hulipa alichoharibu. Na katika hadithi za Mtume kimo kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, aliyemfunga asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kisa hicho nilikijua tangu chuoni kwa maalimu wangu, nami nikajifariji: mwanamke yule alijua alitendalo. Mimi sikumfunga paka. Nilimchekea.

Faraja yote hii ilikuwa na kasoro moja. Ilifika mpaka kwa paka ikakoma. Kwa yule kijana haikufika.

Tazama tofauti. Nilipoipanda lilia sikujua, na kutojua kwangu kulikuwa kimya. Sikumwambia mtu yeyote kuwa ua hili ni salama. Lakini nilipoulizwa habari ya sumu, kutojua kwangu kulisema. Huenda ni neno la adabu. Mtu asiyejua hulitumia ili asiseme uongo, na katika darasa la sarufi ningelitetea. Lakini neno halina uzito mmoja katika vinywa vyote. Likitoka kwa mtu mwenye heshima ya elimu, mbele ya mama mwenye huzuni atafutaye sababu, msikilizaji husikia ndiyo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kupima maneno, nalijua hilo, na hata siku ile nililijua kwa kiasi. Lilikuwa jibu rahisi la kumaliza mazungumzo ya msiba kwa heshima. Mama alikwenda nalo nyumbani, na kijana wa watu akakosa kazi.

Na baada ya daktari kunieleza? Hapo sikuwa tena na wakili yeyote. Nilijua, nikanyamaza siku 40 na kitu. Kila asubuhi nilikuwa na sababu. Mama ana shinikizo la damu, asishtuliwe. Kijana amekwisha ondoka, hatarudi. Paka hafufuki. Sababu hizi zote zilikuwa kweli, wala hapana uficho mzuri kuliko rundo la mambo ya kweli.

Rafiki mmoja niliyemweleza habari hii aliniambia kwamba nimeifanya kubwa mno: ni paka. Sina haja ya kushindana naye juu ya cheo cha paka, kwa kuwa kijana si paka. Mwingine alinipa hoja nzito zaidi, ambayo bado naiheshimu. Alisema kuwa mtu akitaka kujua madhara yote ya kitu kabla hajakigusa, hatagusa kitu. Hatapanda, hatapika, hatazaa. Wanadamu wote wanatembea gizani kwa kiasi fulani, na kumdai mtu ujuzi wa yote ni kumdai uungu. Naam. Lakini mimi sikudaiwa ujuzi wa yote. Nilijua kina cha shimo kwa vidole. Nilijua majuma ya baridi, tabia ya vigamba, mlo wa mizizi. Mtu aliyepata nafasi ya kujua hayo yote juu ya kitu kimoja hawezi kusema alikosa nafasi ya swali moja zaidi. Aristotle huyohuyo, kurasa chache mbele, anasema kuwa watunga sheria humwadhibu mtu kwa kutojua kwenyewe, ikiwa lilikuwa jambo jepesi kujua na akaliacha kwa kutojali. Wakili wangu akageuka shahidi.

Na kwa nini sikuuliza? Akipenda, chongo huita kengeza. Methali hii tumezoea kuitumia kwa wachumba, na wote hucheka, kwa kuwa chongo la mchumba halimdhuru jirani. Nadhani ina jambo baya zaidi ndani yake. Upendo wangu kwa lilia ulikuwa na maswali mengi, na yote yaliuelekea upande mmoja: nifanye nini ili kitu nikipendacho kistawi? Maswali ya namna hiyo humpa mtu sura ya mtu mwangalifu. Hata yeye mwenyewe hujiona mwangalifu. Nimewaona wazazi wakiwalea watoto wao kwa maswali ya upande mmoja kama hayo, na nimewaona watawala wakiwapenda watu wao vivyo hivyo; lakini hayo yanataka insha nyingine, na mwandishi wake awe na bustani kubwa kuliko yangu.

Nilikwenda kwa mama katikati ya Machi, baada ya sala ya alasiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kiti."

Nilimweleza yote kwa utaratibu: ua, unga, figo, daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza:

"Siku ile uliponiambia huenda, ulikuwa unajua?"

"Hapana, mama. Sikujua."

"Na lini ulijua?"

"Mwisho wa mwezi uleule."

Alihesabu kimya. Nilitamani anikaripie. Akasema: "Paka nimekwisha kumlilia. Yule mtoto nilimfukuza usiku, Mwalimu. Mvua ilikuwa ikinyesha." Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwomba aseme, niliona kwamba msamaha ule haukuwa wake peke yake.

Ilituchukua majuma mawili kupata habari kuwa kijana yuko Mafinga, akipakia mbao. Nilipanda basi Jumamosi, nimebeba mshahara wake wa mwezi ambao hakulipwa, pamoja na barua ya mama. Nilimkuta kazini, mabega yake yamefunikwa unga wa mbao, nikakumbuka matunguu katika kitalu cha Arusha. Aliniamkia kwa heshima ileile ya zamani, jambo lililonitia haya kuliko matusi. Nilimweleza habari yote tukiwa tumesimama kando ya lori. Alisoma barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema: "Mimi nilijua sikufanya, Mwalimu. Ambao hamkujua ni ninyi." Fedha alizipokea. Kurudi kwa mama alikataa kwa upole; mbao zilimlipa vizuri zaidi. Aliniuliza kitu kimoja, ni ua gani lile, kwa sababu alikuwa akilimwagia maji siku nilizosafiri.

Niliyang'oa matunguu mwezi wa Mei, majani yalipogeuka manjano. Mama hakunitaka niyang'oe; alisema kuwa paka hana tena. Niliwaza kuyatoa zawadi, nikaona kuwa kumpa mtu lilia ni kumpa pamoja nayo paka wote wa mtaa wake. Niliwaza kuyaacha na kuvikata vile vijiti vya unga kila ua lifunguapo, kama wafanyavyo wauza maua wasichafue nguo za wateja, lakini jani hubaki, na jani nalo huua. Yale 12 yalikuwa yamezaa, yakawa 19, mazuri, mazito, yenye afya. Niliyatandaza juani yasinyae, nikayafukia mbali chini ya jalala. Sitasema kuwa sikuona uchungu. Ua lilikuwa halina kosa lolote. Lilifanya yote niliyoliomba. Mama yangu alinipelekea kwa basi tunguu moja la nyinyoro kutoka Tanga. Kabla sijalipanda nilimpigia simu daktari. Aliniambia kuwa paka akilila hutapika na kuugua tumbo, hivyo nilipande mahali asipolala. Figo zake halizigusi. Nilibandika kibao chenye majina yote mawili, letu na la Kilatini.

Mvua za Desemba zilipoanza, palipokuwa na lilia pakachomoza jani moja jembamba, la kijani kibichi, kutoka kigamba kilichonikatikia udongoni. Wakati ule mama alikuwa amepata mtoto wa paka, mweusi, mwenye soksi nyeupe, ambaye tayari alikuwa amejifunza njia ya michongoma. Nilimbeba nikamrudisha kwao, nikarudi na kijiko cha kuchimbia. Tunguu lile changa lilikuwa na ukubwa wa punje ya kunde. Nilichimba mpaka kiwiko, nikauchekecha udongo wote kwa vidole, na siku ya pili nikauchekecha tena.